Biti za bisibisi kwa skrubu zisizofikika: zipi za kununua kwanza

Kabla ya kutoa pesa, pima vitu viwili: upana wa tundu ambamo skrubu imezama, na nafasi iliyobaki juu ya kichwa chake. Tundu refu na jembamba lina dawa yake, na mahali ambapo hata mkono hauingii pana dawa nyingine. Kasha la biti (ncha za bisibisi zinazobadilishwa) mia moja fupifupi linaweza lisikusaidie kote kuwili.

Nafasi ya kwanza naipa biti ndefu ya kipande kimoja, ya milimita 100 au 150. Shina la kawaida la pembe sita ni robo inchi, yaani milimita 6.35, kwa hiyo linapenya kwenye matundu mengi. Kirefusho cha sumaku kina kola nene kuliko shina hilo, mara nyingi milimita 10 na zaidi, nayo hukwama mdomoni mwa tundu. Tena kila maungio huongeza kulegea, ncha ikayumba, na kichwa cha skrubu kikalika. Usinunue seti kubwa. Chukua saizi za PH1 na PH2 za nyota ya mikono minne (Phillips), halafu T20 na T25 ikiwa vifaa vyako vinatumia Torx, yaani skrubu zenye tundu la nyota ya ncha sita. Ubaya wa biti ndefu ni kwamba drili ikienda kasi hucheza ovyo, kwa hiyo anza kwa mkono. Kwa simu na kompyuta tafuta biti zenye shina la milimita 4, maana hizi kubwa hazina kazi huko.

Ya pili ni biti fupi ya milimita 25 pamoja na racheti bapa, yaani mpini unaokaza ukienda upande mmoja na kurudi bila kuigeuza skrubu. Hii ndiyo mkombozi pale juu ya skrubu panapobaki nafasi ya vidole viwili tu. Uliza idadi ya meno: racheti ya meno 72 hushika kila nyuzi 5, ya meno 36 hushika kila nyuzi 10. Mpini usipokuwa na pa kuzungukia, hizo nyuzi tano ndizo zitakazokuvusha. Hakikisha pia biti inashikiliwa na sumaku au pete, la sivyo itadondoka humo humo ndani.

Kichwa cha pembe cha kufunga kwenye drili, kinachoelekeza biti upande, nakiweka cha tatu. Ndani ya makabati kinafanya kazi nzuri, ila gia za vile rahisi husagika upesi, na kichwa chenyewe ni kinene. Ambacho mtengenezaji hakutaja kiwango chake cha nguvu ya kukaza, kiache dukani.

Kirefusho cha sumaku ni cha nne. Ni bei nafuu, na kwenye tundu pana kinatosha. Nunua chenye kola ya kufunga biti, maana kisicho nayo huiacha biti imenasa kwenye skrubu ukivuta.

Shina linalopinda naliweka mkiani. Ukikaza, linajisokota kwanza kabla skrubu haijasogea. Lifae kwa skrubu nyepesi tu.

Kuna pia biti za skrubu zenye tundu la pembe sita (Allen), zenye ncha ya mviringo, zinazoingia kwa mshazari. Hizi ni nzuri kuzungushia skrubu iliyokwisha legea. Usizitumie kufungua iliyoshika sana, kwa sababu shingo yake nyembamba hukatika na kubaki ndani.

Kuhusu chuma, chuma cha S2 huvumilia kuliko kromu vanadi ya kawaida. Ukitumia mashine ya kukaza kwa kugonga (impact driver), tafuta biti yenye shingo iliyopunguzwa makusudi, inayojipinda kidogo badala ya kuvunjika. Angalia pia skrubu yenyewe: ikiwa na mistari midogo minne katikati ya mikono ya nyota, ni Pozidriv, na inataka biti ya PZ. Ya PH itaingia, lakini itateleza. Sumaku nayo usiitegemee kwa skrubu za shaba, wala kwa nyingi za chuma cha pua. Hizo zishikize kwa grisi kidogo.

Ukiwa dukani, chomeka biti kwenye skrubu ya saizi yake, uilaze mlalo, uiachie skrubu. Hata biti isiyo na sumaku, ikiwa imechongwa vizuri, huweza kuishika. Ukiitikisa kwa kidole ikacheza upande hadi upande, rudisha, ujaribu nyingine.