Daktari wa mbwa anayekuja mpaka uani

Nina mbwa wanne, wote wa kuokotwa. Chausiku nilimkuta usiku soko la Kongowea hapa Mombasa, Feri alinifuata kutoka kivuko cha Likoni, na Makuti na Kombo walitupwa ndani ya gunia wangali wachanga. Kuwapakia wote kwenye tuktuk hadi kliniki hakuwezekani. Nilijaribu mara moja, dereva akatushusha Buxton.

Ndiyo maana namsifu huyu daktari wa mifugo anayezunguka na pikipiki huku kwetu Kisauni. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliibeba kwenye kijisanduku chenye barafu, akanionyesha tarehe ya kila chupa kabla ya kuvuta dawa. Lakini hakukimbilia sindano. Aliketi mkekani, akamwacha Feri amnuse hadi aridhike. Feri haamini wanaume kabisa. Siku hiyo alilala chali akakunwa tumbo. Machozi yalinilengalenga.

Kupe aliwatafuta mpaka katikati ya vidole na ndani ya masikio, kisha akaniambia nipulizie dawa nyufa za ukuta, maana humo ndimo wanamotaga. Miaka yote mimi nilikuwa naogesha mbwa tu!

Alichelewa saa mbili bila kupiga simu, na hilo sikulipenda. Bei ni shilingi 1,000 kwa kila mbwa, kadi za chanjo zimeandikwa jina kwa jina. Mwaka ujao namwita tena. Chausiku alimsindikiza hadi langoni.