Uzoefu wangu Ski Dubai: tathmini ya fundi wa majokofu kutoka Uganda

Kazi yangu ni kuhudumia vyumba vya baridi vya viwanda vya samaki kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo shemeji yangu anayefanya kazi Dubai aliponipeleka kuona theluji ndani ya jumba la maduka la Mall of the Emirates, nilivutiwa na kuta na milango kuliko mchezo wa kuteleza.

Kwa mgeni wa kawaida huduma ni nzuri. Tiketi inajumuisha koti, suruali na viatu vya theluji, na mteremko mrefu kuliko yote una takriban mita 400. Kuhusu burudani, hayo yanatosha.

Nje, joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Ndani, mchana ni nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, na usiku baridi huongezwa ili theluji mpya itengenezwe. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua gharama ya umeme, kwa sababu kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo kompresa, yaani mashine inayokandamiza gesi ya kupozea, inavyotumia nguvu nyingi zaidi kuondoa kiasi kile kile cha joto. Wasanifu wa jengo hili, lililofunguliwa mwaka 2005, walilizingatia hilo kwa kulizungushia eneo la theluji tabaka mbili za kuzuia joto, zenye nafasi ya hewa katikati. Kwetu nimeona mara nyingi mwenye kiwanda akinunua kompresa kubwa zaidi ilhali povu la kuzuia joto lililomo ukutani limelowa na raba za mlango zimechakaa, na huumia kuona fedha ikipotea hivyo.

Kilichonifurahisha zaidi ni matumizi ya theluji kuukuu. Huondolewa na kuyeyushwa, ubaridi wake ukasaidia kupoza hewa ya jumba la maduka, na maji yake yakamwagilia bustani. Kilo moja ya theluji inapoyeyuka hufyonza joto ambalo lingeweza kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kuitupa nje kungekuwa kutupa umeme uliokwisha kulipiwa.

Hata hivyo, siwezi kuliita jengo hili rafiki wa mazingira kwa sababu hiyo pekee, kwani umeme wa nchi ile hutokana kwa sehemu kubwa na gesi asilia. Nasema hivi nikiikumbuka milima yetu ya Rwenzori: mpanda milima wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi alipoipanda mwaka 1906, barafu yake ilifunika takriban kilomita 7 za mraba, na kufikia mwanzo wa karne hii ilikuwa imebaki chini ya kilomita 1 ya mraba. Theluji ya kutengenezwa isiwe sababu ya kuongeza joto linaloimaliza ile ya asili.

Je, jengo la namna hii lingefaa Kampala? Kwa upande wa joto, tuna nafuu kubwa, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa ubaridi, na umeme wetu mwingi hutoka kwenye mabwawa ya mto Nile kama Bujagali na Karuma. Shida ni unyevu wa hewa ya ziwani, ambao huingia kila mlango unapofunguliwa na kuganda kwenye mabomba ya kupoza, hadi mashine isimamishwe ili barafu iyeyushwe. Ningedai milango miwili yenye ukumbi mdogo katikati, taa zisizotoa joto jingi, na joto la kondensa, yaani sehemu ya mtambo inayotoa nje joto lililoondolewa ndani, lipashe maji ya hoteli au ya dobi. Sehemu ya joto hilo ipitishwe pia chini ya sakafu, maana ardhi ikiganda huvimba na kupasua zege.

Mafundi wenzangu watakaopita Dubai ninawashauri waingie. Wauangalie kwa makini mlango wa wageni unavyofunguka na kufungwa, kisha waombe kuelezwa jinsi theluji kuukuu inavyoyeyushwa.