Doğu Ekspresi, Ankara hadi Kars: kwa nini nilichagua chumba cha vitanda vinne

Anayetaka kupanda Doğu Ekspresi, treni ya mashariki inayotoka Ankara hadi Kars nchini Uturuki, hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla hajafungua pochi: anunue tiketi ya treni ya kawaida, au ya ile ya watalii iliyoanza kufanya kazi mwezi Mei 2019? Mimi nilisafiri na ile ya kawaida, mwezi Januari, peke yangu, nikiwa sijui Kituruki zaidi ya salamu, na kwa mtu wa hali yangu sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Treni ya watalii ina vyumba vya watu wawili wawili, husimama saa kadhaa mahali penye vivutio, na nauli yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida. Ni hoteli nzuri iliyowekwa juu ya reli, na wanaosafiri wawili kwa fungate hawatajuta. Ile ya kawaida ina mabehewa ya viti, behewa la chakula, na mabehewa ya vyumba vya vitanda vinne ambayo Waturuki huyaita örtülü kuşetli, yaani vitanda vyenye matandiko: viwili chini, viwili juu, na kila abiria hupewa shuka, mto na blanketi. Chini ya dirisha pana kimeza kidogo cha kutosha birika moja na sahani mbili, na ninaomba msomaji akikumbuke kimeza hicho, kwa sababu ndicho kilichoamua safari yangu.

Wenzangu walikuwa watatu, wote wanawake: bibi mmoja aliyekuwa akirudi kwake Erzurum, mjukuu wake wa miaka kama kumi, na mwalimu kijana aliyepangiwa kazi Kars na ambaye, kwa bahati yangu, alisema Kiingereza. Treni ilipoanza kujivuta, mtoto wa kiume wa yule bibi, aliyekuwa amebaki nje, aliinamisha chupa ya maji na kuyamwaga yote kwenye sakafu ya stesheni. Nilidhani imemponyoka. Mwalimu akanieleza kuwa ndivyo wanavyomuaga msafiri: aende kama maji na arudi kama maji, pasipo kizuizi.

Mimi nilikuwa nimebeba pakiti mbili za biskuti na chupa ya maji, nikitegemea behewa la chakula kwa mengine yote. Hatujafika Kırıkkale, kile kimeza kilikuwa kimekwisha kujaa mchele uliofungwa ndani ya majani ya mzabibu, jibini la Erzincan lenye harufu kali inayohitaji kuzoewa, mayai ya kuchemsha, mikate, zeituni, na chupa ya chai ambayo sikuiona ikiisha mpaka tulipolala. Kabla ya kula, bibi alinimiminia viganjani marashi ya limau, akangoja niyasugue, kisha akanisogezea sahani bila kuniuliza kama nina njaa. Nilitoa biskuti zangu kwa haya. Mjukuu alichukua moja kwa adabu, naye bibi akazipanga katikati ya meza kana kwamba nimeleta halwa.

Hapo ndipo lugha ilipoanza kunishangaza. Bibi alinionyesha kwa kidole na kumwambia mwalimu neno misafir, nami nikaitikia kwamba ndiyo, mimi ni msafiri. Mwalimu akacheka, akasema kuwa kwa Kituruki misafir ni mgeni, yule anayekaribishwa. Neno ni lile lile la Kiarabu, ila sisi tulilipokea tukalibakiza barabarani, na wao wakaliingiza nyumbani. Tuliendelea hivyo karibu saa nzima, mtoto akiandika kwenye daftari lake: kitap na kitabu, dakika na dakika, dünya na dunia, sabun na sabuni, kalem na kalamu. Asubuhi yake, nilipotaka kuchangia fedha za chakula, bibi aliukunja uso na kutamka ayıp, nami sikuhitaji mkalimani, kwa maana hata kwetu jambo hilo lingeitwa aibu.

Kuhusu njia yenyewe sitasema mengi, kwani picha zake zimejaa kila mahali. Treni huondoka Ankara jioni, hupita Kayseri na Sivas usiku, na kunapokucha unajikuta katika mabonde ya Divriği na Kemah, reli ikifuatana na mto Karasu, ambao ni mkono wa juu wa Furati, ukiwa mweusi kati ya kingo za theluji. Mahandaki ni mengi mno hata mtoto aliacha kuyahesabu. Jambo moja la kuzingatia kwa anayeenda wakati wa baridi ni kwamba jua huzama mapema, hivyo misitu ya misonobari ya Sarıkamış hupitwa gizani. Ni mahali ambapo maelfu ya wanajeshi wa Dola ya Uthmaniya walikufa kwa baridi mwishoni mwa 1914 na mwanzoni mwa 1915, na mwalimu, ambaye alikuwa mcheshi tangu Ankara, alinyamaza tulipopita pale.

Abiria wazoefu hupiga simu mapema kwenye mikahawa ya Erzurum ili waletewe stesheni nyama ya kondoo iliyochomwa kwenye mshikaki uliolazwa, inayoitwa cağ kebabı. Mwalimu aliagiza kwa ajili yetu sote, akakataa katakata kupokea hata lira moja. Bibi naye alikuwa amenifundisha unywaji wa chai wa mji wake: kipande kigumu cha sukari huwekwa kati ya meno, na chai hupitishwa juu yake bila kukorogwa. Nilikivunja kipande cha kwanza kwa pupa, wakacheka wote watatu. Alipokuwa akijiandaa kushuka, aliitazama miguu yangu ndani ya viatu vya raba nilivyonunua Kariakoo, akafungua mzigo wake, akatoa soksi nene za sufu alizofuma mwenyewe, wanazoziita patik, akaketi na kunivalisha. Nilitamani kumwamkia shikamoo na nikakosa neno la kwao. Mjukuu akanionyesha la kufanya, nikaubusu mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wangu.

Kars tulifika usiku, kama saa 26 baada ya kuondoka Ankara. Mwalimu hakukubali nitafute teksi. Kaka yake alitupakia, akanifikisha mlangoni pa nyumba ya wageni, akangoja mpaka mwenye nyumba alipofungua. Kesho yake walinipeleka Ani, magofu ya mji wa kale ulio mpakani na Armenia, kilomita zipatazo 45 kutoka mjini, nami nilisimama kwenye theluji nikiwa na soksi za bibi na koti la kuazima.

Ni haki kusema kwamba hakuna shirika la reli linaloweza kuuza ukarimu, na huenda wewe ukapangiwa chumba na watu wachovu watakaolala safari nzima. Anayependa kimya, au asiyeweza kulala mbele ya watu asiowajua, anunue faragha na asijilaumu. Hata hivyo, chumba chenye vitanda vinne, kimeza kimoja na saa 26 huwalazimisha watu kutazamana. Nimeipanda mara nyingi treni yetu ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyojengwa na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi (jambo lililomfurahisha sana bibi nilipomwonyesha picha), na ninaisifu kwa kila hali, lakini mwendo wake ni wa chini ya saa mbili. Hujamaliza kumuuliza jirani yako anakwenda wapi, mmekwisha kufika.

Tiketi za majira ya baridi huisha haraka mno, kwa hiyo ifuatilie siku mauzo yanapofunguliwa kwenye tovuti ya TCDD, shirika la reli la Uturuki, au dirishani stesheni. Uchukue kitanda cha chini ukikipata. Beba pia kitu cha kwenu cha kutoa. Mimi nilikosa, na jambo hilo lilinisumbua mpaka mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja wa kwetu aliporudi chuoni Ankara nikampa doti ya kanga yenye maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone", aipeleke kwa mtoto wa bibi. Mwalimu, ambaye bado tunaandikiana, ndiye aliyewatafsiria maneno hayo. Picha iliyonifikia baadaye inaonyesha kipande kimoja kikiwa kichwani kwa mjukuu, na kingine kimefunika mikate ya moto juu ya meza huko Erzurum.