Kozi ya Python ndani ya QGIS: barabara za Temeke ni kilomita sifuri

Nilianza na nyota moja, na hiyo moja ni ya sauti, maana kurekodi wanajua.

Kozi yenyewe sitaji jina lake. Ni ya Kiswahili, inauzwa mtandaoni, na ahadi yake ni kwamba ukimaliza utaacha kubofya-bofya QGIS (programu ya ramani) kama anayepukuchua mahindi, uiamrishe kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Zoezi lao kuu nalikubali kabisa: una shepufaili (mafaili ya ramani, .shp) tano za barabara, moja kwa kila wilaya ya Dar es Salaam, skripti (amri za Python zilizopangwa) izipitie zote, ijumlishe urefu wa barabara za kila wilaya na kuandika majibu kwenye CSV, yaani jedwali la maandishi. Kwa mkono ni nusu siku, halafu kesho yake bosi anakuletea data iliyosahihishwa, uanze upya.

Balaa liko somo la nne. Mwalimu anafungua konsoli, dirisha la kuandikia amri za Python, kwa Ctrl+Alt+P, ananakili njia ya faili moja kwa moja kutoka Windows, anaibandika ndani ya alama za kunukuu: "D:\kazi\kinondoni.shp". Anaipa QgsVectorLayer, amri ya kufungua faili kama leya (tabaka la ramani), anaweka lupu ya kupitia barabara mojamoja, jumla inatoka. "Mnaona? Nyingine nne malizieni wenyewe."

Haya, tumalizie. Ilala inakubali. Kigamboni inakubali. Ukiandika "D:\kazi\ubungo.shp" Python inagoma skripti nzima, inatema SyntaxError (kosa la uandishi) yenye neno unicodeescape ambalo mwanafunzi wa wiki ya pili hana pa kulishika. Ukiiweka Ubungo kando kwa muda, skripti inakimbia hadi mwisho, hakuna maandishi mekundu popote. Fungua CSV: Temeke, 0. Wilaya yenye Mbagala na Tandika haina hata mita moja ya barabara!

Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la kozi, kwa adabu zote, nikaweka na picha ya konsoli. Jibu la msimamizi: "Ndugu, jina la faili lianze na herufi kubwa. Tupunguze ujuaji, wenzako wameshapita hapo." Basi. Ujumbe ukabandikwa juu ya kundi kama tangazo la msiba.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa hiyo inafanya kazi. Andika "D:\kazi\Temeke.shp" na kilomita zinarudi, kwa hiyo darasa zima likaamini QGIS inapenda herufi kubwa. Windows yenyewe haijali kubwa wala ndogo. Aliyekula Temeke ni ule mkwaju wa kinyume (\). Ndani ya stringi ya Python, yaani maandishi yaliyo kati ya alama za kunukuu, mkwaju huo ukifuatwa na herufi fulani haubaki mkwaju: \t ni nafasi ya kitufe cha Tab. Kwa hiyo Python ilikuwa inatafuta faili liitwalo D:\kazi, kisha Tab, kisha emeke.shp. Herufi kubwa T haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana \Temeke ikapona. Lakini jaribu dawa hiyohiyo kwa Ubungo uone: \u inadai tarakimu nne za heksadesimali (0 hadi 9 na a hadi f) baada yake, \U kubwa inadai nane. Kubwa au ndogo, Ubungo hapiti. Msimamizi hakujibu hilo mpaka leo.

Ushahidi ni wa mistari miwili. Andika len("D:\kazi\temeke.shp") kwenye konsoli, len ikiwa amri ya kuhesabu herufi. Kwa vidole ni herufi 18. Python inakwambia 17. Kisha iandike stringi hiyo peke yake, bila print, ubonyeze Enter. Itakurudishia 'D:\\kazi\temeke.shp'. Itazame vizuri: mikwaju miwili kabla ya kazi, mmoja tu kabla ya temeke. Penye miwili, mkwaju ni mkwaju kweli. Penye mmoja, tayari umeliwa.

Na huu si ugonjwa wa Temeke peke yake, ndipo hasira yangu inapopanda. Herufi ndogo zinazomezwa kimyakimya ni a, b, f, n, r, t na v. Sasa hesabu majina yetu: \arusha (hiyo \a ni kengele, hata haionekani), \bagamoyo, \njombe, \rufiji, \tanga, \tabora, \vijiji, \barabara. Folda ukiliita ramani, \ramani inapoteza r na kubaki amani, ambayo ndani ya skripti hiyo hutaipata. Zinazopiga kelele ni \u, \U, \x na \N kubwa, kwa hiyo Newala kwa herufi kubwa ni SyntaxError, kwa herufi ndogo ni mstari mpya wa kimya. Dawa ya kundi hapo inageuka sumu. Hata folda za mwaka hazisalimiki: \2024 inasomwa kama \202, alama moja ya ajabu, ikifuatwa na 4. Kozi inayouzwa kwa Waswahili, mifano yake yote ikawa kazi, kinondoni na kata, ilifaulu kwa sababu ya herufi k tu. Tena hata hiyo \k si halali: Python inaivumilia, na kuanzia toleo la 3.12 inatoa SyntaxWarning waziwazi.

Swali linalofuata ni kwa nini QGIS haikulalamika. Kwa sababu QgsVectorLayer ukiipa njia isiyokuwepo haisimamishi skripti. Inakutengenezea leya mfu na kunyamaza. getFeatures(), inayotoa barabara zilizomo, kwa leya hiyo haina kitu, lupu inazunguka mara sifuri, jumla inabaki 0 uliyoianzisha juu, na 0 inaandikwa kwenye CSV kana kwamba ni kipimo. Ungetumia processing.run, amri ya kuendesha zana za QGIS, na njia hiyohiyo kama INPUT, ungepata kosa la wazi kwamba leya haikupakiwa. Mwalimu alichagua njia inayonyamaza, na hakuweka mstari wa kinga:

if not leya.isValid(): raise Exception(njia)

Mstari mmoja! Uweke mara tu baada ya kuunda leya, kabla ya lupu. Siku faili likikosekana, skripti inakufa palepale na jina la faili linaonekana.

Tiba ya njia yenyewe ni herufi moja: r kabla ya alama ya kunukuu, r"D:\kazi\temeke.shp", na mikwaju yote inaachwa kama ilivyo. Au geuza mikwaju, "D:/kazi/temeke.shp", Windows inaelewa bila tatizo, na mimi ndiyo ninayoipendelea kwa sababu r ina mtego wake: stringi ya r haiwezi kuishia na mkwaju. r"D:\kazi\" ni SyntaxError, kwani mkwaju wa mwisho unaikinga alama ya kufungia. Na kwa zoezi hili hakuna haja hata ya kuandika majina ya wilaya. Path("D:/kazi").glob("*.shp") kutoka pathlib (maktaba ya Python ya njia za mafaili) inakuletea mafaili yote, kisha QgsVectorLayer(str(p), p.stem, "ogr"). Usisahau str, maana QGIS inataka stringi, na ukiipa Path tupu inakupa TypeError. Kesho ukiongeza wilaya ya sita hugusi kitu.

Hapa sasa niseme haki, maana nimeshaandika kwa moto. Somo la sita ni zuri mno. Ni la urefu, na wengi wanaofundisha QGIS huliruka. Data ikiwa kwenye EPSG:4326, mfumo wa latitudo na longitudo, geometry().length() inakupa digrii, kwa hiyo barabara ya kilomita moja inatoka karibu 0.009. Mwalimu anaonyesha njia mbili bila papara: kubadilisha leya kwa zana ya native:reprojectlayer kwenda EPSG:32737, mfumo wa UTM kanda ya 37 kusini unaopima kwa mita, au kupima kwa QgsDistanceArea, kipimo cha QGIS kinachozingatia umbo la dunia. Kwenye hiyo ya pili anasisitiza kuweka vyote viwili, setSourceCrs na setEllipsoid("EPSG:7030"), kwani ukisahau elipsoidi (hilo umbo la dunia) unarudi kwenye digrii zako. Akaeleza hata kwamba kwenye UTM kanda ya 37 meridiani ya kati ni digrii 39 mashariki, Dar iko jirani nayo, kwa hiyo mita 1,000 za ardhini zinasomeka kama 999.6. Akaonya pia kuhusu ramani za zamani zilizo kwenye mfumo wa Arc 1960, EPSG:21037, ambazo ukizichanganya na 32737 vitu vinahama mita mia kadhaa. Mtu huyu anajua kazi. Ndiyo maana somo la nne linauma: asiyejua ungemsamehe.

Na lile somo fupi la kufungua historia ya Processing (sehemu ya zana za QGIS) na kunakili amri ya Python ya zana uliyoendesha kwa mkono, hilo peke yake lina thamani ya nusu ya ada. Unafanya kazi mara moja kwa kubofya, unachukua amri yenye vigezo vyote, unaitia kwenye lupu. Kwa anayeanza, anzia hapo, hayo mengine yatakuja.

Kwa hiyo nikapandisha hadi nyota tatu. Kisha nikarudi somo la nne kuona kama wamerekebisha, kwa kuwa baada ya malalamiko walitangaza "toleo jipya la video". Jipya ni wimbo wa mwanzo. Njia bado inabandikwa bila r, zoezi bado ni wilaya zilezile tano, na chini ya video wameongeza maandishi: "Zingatia: majina ya mafaili yaanze na herufi kubwa."

Mbili. Na wa Ubungo, ombeni mrudishiwe ada yenu.