Gemu za zamani zinazostahili kununuliwa tena kwa PS4 na PS5: chaguo langu nikiwa Arusha

Mwaka 2007 pale Kaloleni kulikuwa na banda la gemu lenye TV nne za kichogo na PS2 zilizofungwa mnyororo kwenye meza. Mia mbili ilikupa dakika kumi. Memori kadi ilikuwa ya banda, kwa hiyo uliposeva, mwenzako aliyekaa baada yako alifuta na kuweka ya kwake. Wengi tuliokulia pale hatukuwahi kufika mwisho wa gemu hata moja. Leo mtu huyohuyo ana PS4 au PS5 yake Njiro au Sakina, na kitu cha kwanza anachoulizia dukani ni ile gemu aliyoiacha njiani.

Wanaoniuliza wanunue ipi huwa wananitajia jina tu, lakini jina halitoshi. Gemu moja ya zamani inaweza kuuzwa kwa sura tatu: ileile ya PS2 iliyohamishwa ilivyo, iliyosafishwa picha, au iliyotengenezwa upya kuanzia msingi. Kwa sisi wa huku kuna jambo jingine zito zaidi: je, gemu yote imo kwenye diski, au sehemu kubwa utaivuta kwa bando lako mwenyewe? Hayo mawili ndiyo yamenipangia orodha hii. Nimeongeza la tatu ambalo ni la kwangu: gemu inayochezwa na watu kadhaa kwenye TV moja inapanda juu.

Kwanza kabisa, diski za PS2 hazisomi kwenye PS4 wala PS5, hata kama ni za kampuni yenyewe. PS5 inasoma diski za PS4, mradi uwe na PS5 yenye pa kuingizia diski. Ile ya kidijitali haina, na PS5 Pro nayo inauzwa bila kisomeo, unakinunua kando. Ukikosea hapo, orodha yote hii haikusaidii.

Namba moja naiweka Crash Team Racing Nitro-Fueled, gemu ya mbio za magari madogo. Ya asili ilitoka mwaka 1999 kwenye PlayStation ya kwanza, hii ya mwaka 2019 imetengenezwa upya yote na kuongezewa barabara za Crash Nitro Kart, gemu nyingine ya mbio ya Crash. Watu wanne wanacheza pamoja kwenye TV moja, bila intaneti. Nyumbani kwangu Jumapili mchana wajomba na watoto wanagombea pedi, na dada yangu, ambaye hajawahi kushika gemu nyingine yoyote, ndiye anayetushinda. Siri yake ni kona. Unabonyeza R1 gari linaruka, unaendelea kuishikilia linateleza. Mstari mdogo pembeni ukipanda hadi kwenye wekundu, unagonga L1 na gari linafyatuka. Unaweza kugonga mara tatu kwenye mtelezo mmoja wa kona. Mtu akishashika mdundo huo, humpati tena. Kama una PS5, usikimbilie kununua pedi mpya tatu: pedi za PS4 zinafanya kazi kwenye PS5 kwa gemu za PS4, na hii ni mojawapo. Diski iliyotumika niliipata kwa elfu 45 na sijawahi kuijutia.

Namba mbili ni Resident Evil 4, gemu ya kutisha, na hapa ndipo suala la toleo linapoonekana vizuri. Ilianza mwaka 2005. Mwaka 2016 ikaletwa PS4 ikiwa vilevile, picha zimesafishwa tu. Mwaka 2023 ikatoka iliyotengenezwa upya kwa PS4 na PS5. Kwenye ile ya zamani Leon, yule unayemwongoza, akinyanyua bunduki miguu inaganda, hawezi kupiga hatua. Kwenye mpya anatembea huku analenga, na kisu chake kinazuia shoka, ila kinachakaa hadi ukikarabati. Nimezicheza zote mbili. Kama unataka kijiji kile kikutishe tena kama mara ya kwanza, chukua ya 2023. Kile kipande cha mwanzo, wanakijiji wamekuzunguka, msumeno unanguruma mlangoni, risasi zimebaki tatu, halafu kengele ya kanisa inalia na wote wanaondoka kana kwamba hukuwepo, bado kinanisimamisha nywele. Ila kama mfuko hauruhusu, ya 2016 huwa nafuu zaidi na gemu yenyewe haijazeeka. Ni ya mchezaji mmoja na si ya kucheza watoto wakiwa sebuleni, ndiyo maana haikukaa juu ya Crash.

God of War III Remastered inafuata, na hii nina deni nayo binafsi. Mwenye PS2 alicheza ya kwanza ya 2005 na ya pili ya 2007, na ile ya pili inaishia pabaya: Kratos, yule unayemchezesha, yuko mgongoni kwa Gaia, mmoja wa majitu yaitwayo Watitani, nao wanaupanda mlima Olimpo wa miungu, na gemu inakatika palepale. Ya tatu ikatoka mwaka 2010 kwenye PS3, mashine ambayo mtaani kwetu hatukuiona. Tulikaa miaka na hadithi nusu. Toleo la PS4 la mwaka 2015 linaanza pale pale mlimani, kwa fremu 60 kwa sekunde, na dakika ishirini za kwanza, pale vita inapopiganwa juu ya mwili wa Gaia unaotembea, sijaona gemu nyingi zilizozizidi hata leo. Mbili za kwanza hazikuletwa PS4, kwa hiyo kama hukuzicheza tafuta mtu akusimulie kwanza. Onyo la watoto ni lilelile, tena hapa damu ni nyingi zaidi.

GTA San Andreas. Najua wengi mmefungua mwongozo huu kwa ajili yake, na mtashangaa kuiona namba nne. Kinachouzwa sasa ni mkusanyo wa GTA tatu, The Definitive Edition, uliotoka Novemba 2021 ukiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Rockstar, kampuni yenye GTA, wenyewe waliomba radhi. Mvua ilikuwa kama mistari ya chaki, na ukungu uliokuwa unaficha mbali ulikuwa umeondolewa, ukipanda ndege unaona jimbo zima lilivyo dogo. Ile hisia ya safari ndefu kutoka Los Santos hadi mashambani ikafa. Sasisho la Novemba 2024 limerudisha mwanga wa zamani na kurekebisha mengi, na kwa sasa ni gemu ninayoweza kumpa rafiki. Lakini sasisho halimo kwenye diski za mwanzo. Ukinunua diski iliyotumika hapa mjini, panga na bando la kulivuta kabla hujaanza, la sivyo utacheza ile mbovu. Baadhi ya nyimbo za redio pia hazipo. Faraja ni hii: ile kodi ya kudanganyia gemu tuliyoiandika nyuma ya madaftari ya hesabu, R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, bado inampa CJ, mhusika wako, afya, vesti na dola laki mbili na nusu. Vidole viliikumbuka kabla ya kichwa.

Ya tano ni Shadow of the Colossus ya mwaka 2018. Kijana, farasi, majitu 16, basi. Hakuna maadui wengine njiani. Ni nzuri mno kwa mtu anayependa utulivu, na itamchosha aliyezoea Tekken.

Mbili nawashauri mziache. Spyro Reignited Trilogy ni gemu tamu, lakini diski yake ya PS4 haina gemu zote tatu kamili, nyingine lazima uzipakue. Na kwa wale wa Winning Eleven na PES 6, gemu za mpira wa miguu za zamani, hakuna toleo lake la PS4 wala PS5. eFootball, iliyochukua nafasi ya PES, ni ya bure lakini ni gemu nyingine kabisa. Ukitaka kupiga mashuti ya mbali na Adriano kama zamani, tunza PS2 yako.

Kuhusu kununua kidijitali: ukifungua akaunti ya PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi, hivyo wengi hutumia ya Marekani au Uingereza. Kadi ya kuongezea pesa kwenye akaunti lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Wapo mafundi wanaokuwekea gemu kumi kwa akaunti yao kwa bei ya diski moja. Inavutia, lakini siku wakibadilisha mambo kwenye akaunti, gemu zote zinajifunga na hakuna wa kumlalamikia. Mimi bado ni mtu wa diski. Nikiimaliza naiuza au tunabadilishana.

Ila diski nayo ina mtihani wake. Mwaka jana nilinunua moja mjini, nikaifuta na shati, ikang'aa. Nilipofika nyumbani ikasakinisha hadi asilimia 60 na kidogo, ikagoma. Mkwaruzo ulikuwa mwembamba kama unywele, karibu na ukingo, na muuzaji akasema nimeukwaruza mwenyewe kwenye daladala. Tangu siku hiyo siangalii tu upande wa chini kwa tochi ya simu. Naomba iwekwe kwenye mashine ya duka, nakaa pale mpaka usakinishaji ufike mwisho, hata kama ni nusu saa, ndipo natoa hela. Muuzaji akikataa, namrudishia diski yake na kwenda duka linalofuata.