Kadi moja, mashine tatu: adapta ya CompactFlash ya Luthuli Avenue, Nairobi

Nyumbani nina kompyuta tatu kuukuu, mke wangu anaziita wake wenza. Kuna 486 DX2, kuna Pentium II, na Compaq Deskpro ya Pentium III niliyobaki nayo nilipofunga saiba yangu (duka la intaneti) mtaani Umoja. Diski zao zilikuwa zimeanza kukwaruza, na zile za GB 40 za mtumba ninazopata mjini, 486 haizioni kabisa.

Basi nikanunua adapta mbili za kutoka CompactFlash (kadi ya kumbukumbu) kwenda IDE (kiunganishi cha diski za zamani), shilingi 650 kila moja, pamoja na kadi ya MB 512 ya kutumia badala ya diski. Kijana wa duka alicheka. "Mzee, si uchukue ya GB 32? Bei ni karibu hiyo hiyo." Nikamwambia hii ndogo ndiyo naitafuta.

BIOS za zamani, yaani programu inayowasha mashine, huhesabu nafasi ya diski kwa silinda, vichwa na sekta, na huishia silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani kama MB 504 ukigawa kwa 1,024. MB 512 za kadi yangu zimehesabiwa kwa 1,000, na ina silinda 993 tu, kwa hivyo inaingia bila kulazimishwa. Ukipita hapo, kila BIOS mpya ina namna yake ya kutafsiri hesabu: moja inatumia LBA, nyingine Large. Diski iliyofomatiwa huku ukiipeleka kule, namba ni zile zile lakini zinaelekeza pengine. Ni kama kumwambia mgeni "mlango wa tatu" kwenye ploti bila kusema anahesabu kuanzia ngazi gani.

Nilianzia kwenye mashine kongwe, 486: DOS 6.22, FDISK ya kugawa diski, kisha FORMAT C: /S ya kuifomati na kuiwekea mfumo wa kuwakia. Ikawaka. Nikaichomoa, nikaiweka kwenye Pentium II, ikawaka pia. Deskpro ndiyo iliyonisumbua: skrini nyeusi, kishale kinawaka na kuzima, basi. Kumbe ilijichagulia LBA yenyewe, hata kwa kadi hii ndogo. Nilipoizima tafsiri hiyo kwa mkono ikakubali, ila kesho yake ilikuwa imesahau tena, kwa sababu betri ya saa ilikuwa imekufa. CR2032 mpya ikamaliza hayo.

Usitarajie miujiza na Windows. Windows 98 nikiihamisha inaniomba draiva hadi nachoka. XP niliyoijaribu kwa kadi kubwa kati ya zile Pentium mbili ilinipa skrini ya buluu, 0x0000007B, maana ilikuta kidhibiti cha IDE isichokijua. DOS haijali mambo hayo.

Sasa makosa ya adapta. Haijaandikwa pini ya 1 iko upande gani, na tundu la pini ya 20 halijazibwa, kwa hivyo kebo inaingia hata ikiwa kinyume. Niliiweka kinyume. Taa ya diski ikawaka bila kuzima na mashine ikakaa kimya, mimi moyo mkononi. Haikuungua kitu. Halafu inataka plagi ndogo ya umeme, ile ya flopi, na pawasaplai ya 486 ina moja tu. Nikapanda matatu kurudi mjini kutafuta kigawanyo. Kwa hayo mawili nimeipa nne kwa tano, lakini kelele ya diski imekwisha, nasikia feni peke yake.

Adapta ya pili ilikuwa na pini iliyopinda. Nilipoirudisha, kijana alinibadilishia bila kuuliza risiti, akataka tu kujua 486 inafanya kazi gani siku hizi. Nikamwambia ina daftari la madeni ya saiba kwenye Lotus 1-2-3, programu ya zamani ya mahesabu, na kuna jirani mmoja bado hajanilipa shilingi 340.