Hadithi za watoto za Margaret Atwood: uanze kununua ipi?

Wengi wanamjua Margaret Atwood kwa riwaya ya The Handmaid's Tale na kwa tuzo ya vitabu ya Booker, aliyoipata 2000 na tena 2019. Mwandishi huyohuyo wa Kanada ana hadithi za watoto ambazo herufi moja au mbili zinatawala kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni vitanza ndimi vya kurasa nzima, tena vya Kiingereza. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jiulize nani atasoma. Mtoto wa miaka saba ukimwachia peke yake atachoka mapema. Ukimsomea kwa sauti na ulimi ukakukwama, atacheka mpaka akuombe urudie.

Namba moja ni A Trio of Tolerable Tales, kitabu kimoja chenye hadithi tatu zilizotoka kwanza kila moja kivyake: ya Ramsay (2003), ya Bob na Dorinda (2004) na ya Wenda (2011). Ukiagiza kutoka nje, unalipia usafirishaji mara moja tu. Kasoro yake ni umbo. Ni kadogo kama riwaya, na michoro ya Dušan Petričić inabanwa.

Ramsay ni ya r. Kwenye nyumba ambazo r na l hubadilishana viti, hayo ni mazoezi tosha, na mzazi asidhani atapona. Mimi lakini moyo wangu uko kwa Bob, aliyeachwa kikapuni akiwa mchanga akalelewa na mbwa, na Dorinda, anayetumikishwa na ndugu wa mbali. Angalia herufi zao: b na d, zilezile ambazo anayejifunza kusoma huzigeuza kila siku. Hapa zinamjia kwa mfululizo, hana pa kukwepa. Ukikuta toleo kubwa la hadithi hii peke yake kwa bei ya kueleweka, lichukue. Ya Wenda inaanza na kimbunga kinachowabeba wazazi wake, kisha anaangukia kwa mjane anayewafulisha watoto nguo. Inachekesha, ila kama wako ni mwepesi wa kulia, ipitie kwanza mwenyewe.

Namba mbili ni Princess Prunella and the Purple Peanut (1995), michoro ya Maryann Kovalski. Binti mfalme mwenye maringo anaotwa na karanga ya zambarau puani, na haitoki mpaka atende wema. Paka zake ni Patience, Prue na Pringle. Mbwa ni Pug. Hata mifugo haikusalimika! Ni kitabu cha siku nyingi, kwa hiyo huenda ukaangukia mtumba. Mwombe muuzaji picha za kurasa za ndani, maana jalada zuri huficha michoro ya kalamu ya nta ya mtoto aliyekuwa nacho kwanza. Mhuri wa maktaba usikutishe.

Mwisho kabisa ni Up in the Tree (1978). Si mbaya, ila haina mchezo wa herufi moja. Ni mashairi mafupi ya vina. Atwood aliichora na kuandika maneno yake kwa mkono wake mwenyewe. Mnunulie wa miaka mitatu au minne, ambaye Ramsay bado atamlemea.